Mhudumu wa mgonjwa nyumbani: Songea wanamlipa, nani anamkagua?

MVUA za kwanza zinapoanza kunyesha Songea, kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, kila mkono wenye nguvu katika kaya huhesabiwa. Kuna kupanda, kuna mbolea ya kupandia, na kabla wiki tatu hazijapita kuna palizi ya kwanza ambayo haimsubiri mtu. Ni katika siku hizo ambapo kaya yenye mgonjwa wa kitandani hujikuta njia panda. Nani aende shamba, na nani abaki na mzee?

Zamani jibu lilikuwa jepesi. Mkamwana alibaki, au mjukuu wa kike aliacha shule kwa muda, na muda huo mara nyingi uligeuka kuwa moja kwa moja. Siku hizi mambo yamebadilika. Watoto wa mzee wako Makambako, Mbeya au Dar es Salaam, wanatuma fedha kwa simu, na wanaobaki nyumbani wana mashamba, genge sokoni au pikipiki ya kubeba abiria. Kwa hiyo anatafutwa "binti wa kumwangalia mama". Anapatikana kwa jirani, kwa muumini mwenzao wa kanisani, au kwa kondakta anayejua vijiji vya Namtumbo na Mbinga. Anakuja na mfuko wake, anaonyeshwa jiko, anaonyeshwa chumba cha mgonjwa, na kazi inaanza.

Anayemwajiri humuuliza kama anajua kupika, na humuuliza pia kama ana mtoto mchanga. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama amewahi kumgeuza mgonjwa aliyepooza, au kama anajua kumlisha mtu asiyeweza kumeza vizuri. Hata mwajiri akitaka kuuliza, hana cheti cha kudai wala ofisi ya kumwelekeza, kwa sababu katika sheria zetu kazi hii haina mwenyewe.

Suala hili si la kaya chache. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,848,794 katika Mkoa wa Ruvuma, na nchini kote watu wenye umri wa miaka 60 na kuendelea walikaribia milioni 3.5. Kiharusi, ugonjwa unaoongoza kwa kumlaza mtu mzima kitandani miezi na miaka, si ugonjwa wa Ulaya tena. Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kuwa, baada ya kuzingatia tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam ilikuwa na wapatao 316, kiwango kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Mgonjwa wa namna hiyo akiisha kupita siku za hatari hospitalini hurudishwa nyumbani. Uhai wake uliobaki unategemea mikono ya watu wa nyumbani.

Walivyofanya wa UKIMWI

Songea imewahi kuwa na wahudumu wa majumbani waliofuata utaratibu. UKIMWI ndio ulioleta mpango huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vitanda vya hospitali nchini vilikuwa vimejaa. Utafiti wa kitaifa wa 2003/04 ulikuta watu 7 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na virusi vya UKIMWI, na dawa za kurefusha maisha zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004 tu. Hospitali zilipelekewa wengi kuliko zilivyoweza kuwalaza, ikiwamo ile ya Mkoa iliyopo mjini hapa, ambayo watu huiita HOMSO, na ile ya wamisionari wa Kibenediktini kule Peramiho, yapata kilomita 24 kutoka mjini. Wizara ya Afya, kupitia Mpango wa Taifa wa Kudhibiti UKIMWI, ikaweka mwongozo wa huduma kwa wagonjwa majumbani.

Mhudumu wa kijiji chini ya mwongozo ule hakuwa muuguzi. Aghalabu alikuwa mkulima kama wengine, mwenye elimu ya msingi na moyo wa kujitolea. Lakini alipewa mafunzo kabla ya kuanza, na alipewa mfuko wenye glovu, pamba, sabuni, dawa za kutuliza maumivu na maji ya chumvi chumvi. Juu yake alikuwapo muuguzi wa zahanati au kituo cha afya, ambaye alipokea taarifa zake na kumtembelea. Akikuta jambo lililomzidi alijaza fomu ya rufaa na mgonjwa akapelekwa mbele. Mafunzo, mfuko na msimamizi: katika vitu hivyo vitatu, cha tatu ndicho kilichofanya viwili vya mwanzo visipotee bure.

Mpango ule ulikuwa na kasoro zake. Wengi walifanya kazi kwa posho ndogo au bila posho, baiskeli zilizotolewa zilichakaa, na mfuko ukiisha vifaa ilibidi kusubiri mfadhili. Kadiri dawa za kurefusha maisha zilivyoenea, wagonjwa waliokuwa wa kitandani waliinuka na kurudi mashambani, jambo la kushukuru. Haja ya wahudumu wale ikapungua, miradi ikafika mwisho, na katika maeneo mengi nchini mfumo ukayeyuka pamoja na fedha zilizouendesha. Si kwamba UKIMWI ulikuwa umekwisha Ruvuma. Utafiti wa 2011/12 ulikuta maambukizi mkoani asilimia 7.0, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Ila mgonjwa wa kitandani wa leo mara nyingi ni mwingine: ni mwenye kiharusi, kisukari kilichomkata mguu, saratani, au uzee wenyewe. Huyu hakurithi mfuko wala msimamizi.

Sheria zinaishia mlangoni

Mtu akisema hakuna sheria kabisa atakuwa amekosea. Sheria zipo kadhaa, ila kila moja inaishia kwenye mlango wa nyumba.

Ipo Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010, ambayo chini yake Baraza la Uuguzi na Ukunga huwasajili wauguzi, huwapa leseni na linaweza kumwita anayevunja maadili. Lakini binti wa kumwangalia mama si muuguzi, wala hajidai kuwa muuguzi, hivyo Baraza halina la kumwambia. Ipo pia Sheria ya Hospitali Binafsi ya 1977, ile iliyopiga marufuku tiba ya kibiashara hadi iliporekebishwa mwaka 1991 na kuruhusu watu binafsi. Sheria hiyo hutazama hospitali, zahanati na nyumba za matibabu. Chumba cha nyuma cha nyumba ya matofali ya kuchoma pale Lizaboni hakimo.

Halafu ipo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na hii inamgusa mhudumu moja kwa moja kwa kuwa ni mfanyakazi wa ndani. Inataka mkataba au angalau maelezo ya kazi kwa maandishi. Inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku 28 kabla ya kuachishwa, isipokuwa katika mwezi wa kwanza wa kazi ambapo ni siku saba. Inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na inakataza kumpa wa chini ya miaka 18 kazi ya hatari. Kumnyanyua mtu mzima mara kumi kwa siku na kufua shuka zenye damu, kwa akili ya kawaida, si kazi ya mtoto wa miaka 15. Sheria hii ni nzuri, ila inamlinda mfanyakazi. Haisemi lolote kuhusu ujuzi wake wala hali ya mgonjwa anayemtunza.

Nayo Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 iliweka wazi kuwa familia ndiyo nguzo ya kwanza ya matunzo ya mzee, na makazi ya Serikali ni kwa wale wasio na mtu. Ni kauli sahihi kwa desturi zetu. Lakini familia inapomlipa mtu mwingine afanye kazi hiyo, sera haikueleza ni nani atatazama kama inafanywa sawasawa.

Kwa kulinganisha, nchini Uingereza, ambako baadhi ya Watanzania wamewahi kwenda kufanya kazi hiyo hiyo ya kutunza wazee, kampuni inayopeleka wahudumu majumbani haiwezi kuanza bila kusajiliwa. Kwa upande wa England kazi hiyo inafanywa tangu 2009 na tume maalumu, ambayo hukagua, hutoa madaraja na kuyatangaza hadharani ili kila familia isome. Hata huko malalamiko hayajaisha, lakini mlalamikaji anajua mlango wa kubisha.

Gharama kwa magunia

Mkulima hupima jambo kwa magunia, basi na tupime hivyo. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa kaya ya kawaida anayelala kwa mwajiri, na shilingi 120,000 kwa asiyelala hapo. Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kupandisha kima cha chini cha sekta binafsi kuanzia Januari 2026. Kwa hiyo anayeajiri sasa hana budi kuuliza ofisi ya kazi kiwango kinachomhusu kabla ya kukubaliana.

Tuseme kaya imeamua kumlipa mhudumu shilingi 120,000 kwa mwezi kwa miezi mitano ya msimu, Desemba hadi Aprili. Hiyo ni shilingi 600,000. Tuseme tena mahindi yameuzwa kwa shilingi 600 kwa kilo. Mhudumu amekula kilo 1,000, yaani magunia 10 ya kilo 100. Kwa mkulima anayevuna magunia 12 kwa ekari, hilo ni karibu zao la ekari nzima.

Wapo watakaoona hiyo ni hasara. Lakini kaya yenye watu wazima watatu ikimbakiza mmoja nyumbani tangu kupanda hadi palizi ya pili imepoteza theluthi ya nguvu zake, na shamba la ekari tano likichelewa palizi halitapungukiwa ekari moja tu. Hesabu inaweza kumwelekea mhudumu wa kulipwa, kwa sharti kwamba anafanya kazi yenyewe. Asipoifanya, kaya italipa mara mbili: mshahara wake, na tiba ya vidonda.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupata vidonda pale mfupa unapogandamiza ngozi, hasa kiunoni kwa nyuma, kwenye nyonga na visigino. Kuzuia ni kumgeuza upande kila baada ya saa mbili, kuhakikisha shuka ni kavu na haina mikunjo, na kutazama ngozi kila siku. Hakuna dawa ya duka inayohitajika hapo. Kidonda kikishaingia ndani, uponyaji wake ni wa miezi, na kila safari ya kusafisha ni nauli ya bajaji, bandeji na siku ya kazi iliyopotea. Wapo wazee waliokufa kwa vidonda hivyo huku ndugu wakisema ni kiharusi.

Jingine ni kulisha. Mwenye kiharusi mara nyingi humeza kwa shida, na akilishwa uji akiwa amelala chali chakula huweza kuingia kwenye mapafu. Anatakiwa aketishwe wima, apewe kidogo kidogo, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa maji, hilo ni la kumweleza mganga bila kuchelewa. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini ya kiuno, usiwekwe juu ya kitanda. Dawa za shinikizo la damu ni za kila siku, hata siku anapojisikia vizuri, na hapo ndipo wahudumu wengi hukosea kwa nia njema kabisa: wanaona mama amechangamka, wanahifadhi vidonge kwa ajili ya siku mbaya.

Mambo haya yanafundishika. Muuguzi wa wodi anaweza kumwonyesha mtu kwa mchana mmoja, na wakati wa kuomba hivyo ni kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka, huku mhudumu atakayebaki naye akiwapo pale kitandani. Familia nyingi humpeleka hospitalini mtoto mkubwa wa kiume kusikiliza maelezo, naye kesho yake anapanda basi kurudi Dar es Salaam na maelezo yake.

Kwa kuwa hakuna mkaguzi, kaya yenyewe inapaswa kujiwekea ukaguzi. Daftari la kurasa 40 linatosha. Humo mhudumu huandika saa aliyomgeuza mgonjwa, alichokula, dawa alizopewa, choo na mkojo, na kama kuna wekundu kwenye ngozi. Ndugu akija jioni anasoma. Muuguzi wa zahanati akipita, au mgonjwa akipelekwa kliniki, daftari linakwenda naye. Mhudumu asiyejua kuandika aweke alama tu.

Katika mkataba, mbali na mshahara na siku ya kupumzika, yafaa kuandikwa nani anamshika zamu mhudumu usiku na siku ya mapumziko, kwa sababu mtu mmoja hawezi kumgeuza mgonjwa kila saa mbili kwa saa 24 na sheria haimruhusu mwajiri kumtaka afanye hivyo. Yaandikwe pia nani ananunua glovu na sabuni. Na jambo moja ambalo miaka ya nyuma halikuwapo: mhudumu asijue namba ya siri ya simu ya mgonjwa wala asishike hati ya kiwanja. Fedha nyingi za wazee sasa ziko kwenye simu, na mgonjwa aliyepotewa na kauli hawezi kujitetea. Sharti hili lisionekane kama tusi. Linamlinda mhudumu mwenyewe siku ndugu watakapoanza kulaumiana.

Wanaotaka kuifanya biashara

Mahitaji yakiwapo, mjasiriamali huyaona. Dar es Salaam zimekwisha kujitokeza huduma za wauguzi wa majumbani kwa malipo, na Songea, yenye wauguzi wastaafu na chuo cha uuguzi jirani pale Peramiho, haikosi watu wenye ujuzi. Anayefikiria kuanza atapita BRELA kusajili jina na halmashauri kwa leseni ya biashara, kama muuza duka. Tatizo ni kuwa karatasi hizo mbili hazithibitishi ujuzi wowote, na mteja asidhani zinathibitisha. Ikiwa huduma inahusisha sindano, dripu au kusafisha vidonda vikubwa, anayefanya lazima awe muuguzi mwenye leseni hai ya Baraza, na mteja ana haki ya kuomba kuiona. Anayepata wafanyakazi na kuwaunganisha na familia kwa ada ni wakala wa ajira, na Sheria ya Huduma za Kukuza Ajira ya 1999 inamtaka awe na leseni ya kazi hiyo. Wengi wanaofanya kwa simu tu, wakichukua "ya soda" kwa binti na kwa mwajiri, hawana.

Mjasiriamali mwenye busara angeanza na kile ambacho miradi ya UKIMWI ilikuwa nacho: muuguzi mmoja msimamizi anayezungukia wahudumu kumi kila wiki, daftari mkononi. Gharama ya muuguzi huyo ndiyo itakayopandisha bei, na ndiyo pia itakayomtofautisha na kondakta wa basi.

Kwa wasio na uwezo wa kulipa, tumaini liko kwingine. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwapata 137,294 katika miaka mitano, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, wakiwa wamesoma miezi sita. Hawa watafuatilia wajawazito, watoto, kifua kikuu, usafi wa vyoo na mengine mengi, hivyo si haki kuwatarajia wabaki kitandani kwa mzee mmoja. Lakini wanaweza kupita mara moja kwa wiki, kufunua shuka na kusoma daftari, wakawa wale wasimamizi waliopotea. Mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ndiye wa kuulizwa kama eneo lake limekwisha kuwapata.

Vijiji vina uwezo mwingine usiotumika. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya ya 1982 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutunga sheria ndogo, ikishirikisha mkutano mkuu wa kijiji na kupata idhini ya halmashauri ya wilaya. Vijiji vimeitumia kwa mifugo inayoingia mashambani na uchomaji moto. Hakuna kinachozuia kijiji kutaka kila anayeajiriwa kutunza mgonjwa aandikwe kwa mtendaji na aonane na muuguzi wa zahanati ndani ya mwezi wa kwanza. Kwa upande wa manispaa, madiwani wana mamlaka kama hayo chini ya sheria ya miji ya mwaka huo huo.

Kwa sasa malalamiko yana njia tofauti kulingana na mlalamikaji. Mhudumu aliyenyimwa mshahara au kufukuzwa bila notisi huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, au hupata msaada kupitia CHODAWU, chama kinachowahusu wafanyakazi wa majumbani. Familia iliyokuta mzee wake amepigwa au kuachwa na njaa huenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri na polisi. Mzee mwenyewe, aliyelala ndani na mlango umefungwa kwa nje hadi watu warudi kutoka shamba, anamtegemea jirani atakayepita kumsalimia.